Magoti ya Jioni

Dada yangu aliolewa kijijini Lingeka, kwenye ng'ombe na pamba, na kosa lake lilikuwa moja: asubuhi alipiga magoti kumsalimia mama mkwe wake, jioni hapigi. Kwetu Usukumani mwanamke asiyempigia mkwe magoti ana kiburi, basi, kesi imekwisha. Ukweni walishaanza kusema arudishwe kwao, watoto wabaki.

Nilimkuta katika hali hiyo nilipoenda kumtembelea likizoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa kila njia panda, nami nasomea udaktari, kichwa kimejaa maneno makubwa. Nina hasira za karibu. Nilipomsikia yule mama akisema, "Asubuhi ananijua, jioni hanijui," nilifungua mdomo nimjibu. Dada akanikanyaga mguu.

"Sipigi magoti kwa sababu siinuki," aliniambia kesho yake tukichuma pamba. "Jioni miguu inanikataa. Juzi nimeinuka kwa kushika nguzo ya jikoni. Nani ataniamini, na asubuhi wananiona nabeba ndoo?"

Loo! Nikamtazama vizuri. Alipotoka nyumbani kuolewa macho yake yalikuwa maangavu. Sasa kope zimelegea, moja kuliko mwenzake. Nikamwambia atazame juu, kwenye tawi la mgunga, asishushe macho. Kope zikashuka zenyewe. Nikamlaza kivulini, na alipoamka zilikuwa zimepanda tena. Nilitaka kucheka na kulia, maana ugonjwa huo nilikuwa nimeusoma. Mshipa wa fahamu unatuma ujumbe kama kawaida, ila mwili wenyewe umeshambulia mahali ambapo msuli unaupokelea. Ujumbe wa kwanza unafika. Kadiri unavyoutumia msuli, unaofuata haupokelewi, mpaka upumzike.

Tulipanda treni Malampaka mpaka Mwanza, na daktari wa hospitali kubwa akasema ni huo huo. Vidonge tukavipata kwenye duka la dawa la mtu binafsi, mambo ya ruksa hayo. Akimeza kimoja alasiri, jioni dada anapiga magoti na kuinuka mwenyewe. Maneno ya kumrudisha yakapoa. Mama mkwe nilimweleza yote kwa Kisukuma, kope, msuli na ujumbe, naye akasikiliza huku anapepeta mtama. Akasema tu, "Haya."

Halafu vidonge vikatuishia, na dukani havipo. Mwenye duka anasema mzigo haujaja, anasema hivyo huku anapanga sabuni za kunukia. Nilimtukana kimoyomoyo njia nzima.

Jioni hiyo wageni walikuwa wamejaa uani. Dada akatoka jikoni taratibu, ameamua kupiga magoti hata kama hatainuka. Nilimfuata nyuma nimdake, kwa sababu akianguka pale mbele za watu, ndoa imekwenda.

Mama mkwe akamtazama kope. Akakiacha kigoda chake, akaketi chini mavumbini, miguu kainyoosha, akapigapiga ardhi kando yake. Kisha akaanza yeye salamu ya jioni ya Kisukuma, mkubwa kumwanza mdogo!

"Mwadila, mwanangu. Kaa hapa."

Dada akakaa, machozi yanamtiririka, akamwitikia kama mama yake mzazi. "Mwadila, mayu."

Mgeni mmoja akaguna.

"Unaguna nini wewe?" mama mkwe akamgeukia. "Mwanangu amechoka."