Siku Niliyomfuta Bi Harusi Hina Yake

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza kabla nyinyi hamjaanza, maana mtanicheka tu na haki yenu. Mimi Salha, ninayejiita mpigapicha (nlianza kujiita hivyo hata kamera yangu mwenyewe sijawa nayo), niliwahi kumuonesha bi harusi mbele ya ukumbi mzima wa wanawake wa mjini akiwa mikono mitupu na miguu mitupu, hana hina, hana piko, safi kama yai lililomenywa, na aliyemvua hina hiyo hakuwa maji wala sabuni, alikuwa mimi, kwa kidole kimoja, nimekaa kitandani kwetu Chukwani nakula mihogo ya nazi.

Skuli sikufika mbali, na matokeo yangu hayakuwa ya kutangazia majirani, lakini ndoto zangu ni nyingi mpaka mama huniambia nipunguze, zitanipasua kichwa. Kubwa kuliko zote ni studio yangu mwenyewe, ya wanawake peke yao, yenye pazia la kijani na kiti cha kukalia bi harusi. Kazi nlifundishwa na kaka Haji, mwenye studio ndogo Darajani, ila aliyenifungulia mlango hasa ni Bi Asya, mchora hina wa Malindi. Yeye huitwa kila penye harusi, na siku moja aliniona naipiga picha mikono ya binti aliyetoka kumchora, akaitazama ile picha kwenye kamera, akasema, "Mwanangu, mimi kazi yangu ikimaliza wiki mbili haipo tena, imefifia, imekwenda zake. Wewe unaweza kuishika." Tangu hapo kila harusi anayoitwa alikuwa ananitaja na mimi. Hebu fikirini, mtu mzima mwenye jina lake anakubeba hivyo, hukuzaliwa naye wala hujampa kitu.

Sasa sikilizeni nlichomlipa.

Katika laptopu yangu kulikuwa na programu mbili za kusafishia picha. Ya kwanza aliniwekea kaka Haji, nami nimeipa jina la Bi Taratibu, kwa sababu ndani yake unaikuza picha, unachukua brashi, unagusa chunusi moja, unapumua, unagusa ya pili, weusi wa chini ya macho unaupunguza kidogokidogo, na vitundu vya ngozi unaviacha, maana kaka Haji akiona sura imelainika kama sahani ya plastiki anakurudishia. Ya pili niliiona kwenye tangazo la simu, mwezi wa kwanza bure, hiyo nikaiita Chapuchapu. Unaitilia picha zote kwa pamoja, unabonyeza kitufe kimoja kilichoandikwa safisha ngozi, unakwenda kupika, ukirudi watu wote wazuri.

Nlishindwa kuchagua, nikasema nizijaribu. Nikajipiga picha mwenyewe, uso mtupu, nikaipitisha kwa Bi Taratibu, nikatoka Salha aliyelala vizuri. Nikaipitisha kwa Chapuchapu, nikatoka binamu yake Salha anayeishi ulaya. Nikampelekea mama zote mbili. Mama akaitazama ile ya Chapuchapu muda mrefu, akauliza, "Huyu nani? Mzuri, mashaallah. Ameolewa?"

Basi, mimi nikaona jibu nishalipata. Kaka Haji nilipomwambia alikuna kichwa tu. "Salha, hiyo ukiiachia ifanye peke yake, baadaye uipitie picha kona kwa kona. Usitazame uso tu."

"Naam, kaka," nikasema, na hilo naam lilitoka mdomoni tu, masikioni halikupita.

Harusi yenyewe ilikuwa ya Nasra, binti wa Malindi, mpole, msichana wa rika langu. Mama yake alikwishafariki, kwa hiyo mambo yote yalikuwa mikononi mwa shangazi yake, Bi Rahma, mwanamke mwenye sauti ya kuita meli. Siku ya hina Bi Asya alimchora Nasra tokea baada ya sala ya alfajiri mpaka adhuhuri, hina nyekundu na piko nyeusi, maua yanapanda kutoka vidoleni mpaka karibu na viwiko, na miguuni majani yanazunguka kifundo kama kikuku. Nasra alininong'oneza kwamba mama yake naye siku ya harusi yake alichorwa na Bi Asya huyu huyu, maua haya haya, lakini haikupigwa picha hata moja, kwa hiyo yeye hajawahi kuyaona, amehadithiwa tu. Nikamkalisha mkekani, miguu mbele, viganja juu ya magoti, nikapiga. Wallahi ilikuwa picha nzuri kuliko zote nlizowahi kupiga.

Bi Rahma akaitaka hiyo ichapwe kubwa, urefu wa mtu mzima, juu ya kile kitambaa kigumu kinachobanwa kwenye fremu ya mbao, iwekwe ukumbini siku ya kupamba, kisha iende chumbani kwa bi harusi. Na mnajua kupamba kwetu, bi harusi anapokalishwa kutazamwa: wanawake peke yao, simu zote zinaachwa mlangoni ndani ya pakacha, hakuna wa kupiga picha isipokuwa aliyepewa ruhusa, na siku hiyo aliyepewa ni mimi. Maana yake picha yangu ndiyo itakayobaki. Na maana yake nyingine, wenye mabinti wote wa kuoza wamo mle ukumbini, nikifanya vizuri studio yangu imeshapata pazia, nikiharibu hakuna atakayeniingiza tena kwake na kamera.

Sasa Nasra alikuwa na vichunusi vya wasiwasi kidevuni na macho ya mtu asiyelala. Na picha nyingine za kutengeneza zilinijaa. Bi Taratibu angetaka siku nzima kwa picha hii moja. Nikachukua kipande cha muhogo, nikabonyeza Chapuchapu.

Iliporudi nikaikuza kwenye uso. Ndugu zangu, uso uling'ara! Nikatazama jicho la kulia, nikatazama jicho la kushoto, nikatazama pua, nikamaliza kidevu, na hapo kwenye kidevu nikasimama. Chini ya kidevu sikushuka. Nikaituma kwa mchapaji, na kesho yake nikaipokea imeshafungwa kwenye makaratasi kwa sababu ya mvua, nikashukuru kwa jinsi alivyoifunga vizuri, nikaipeleka ukumbini hivyo hivyo, nikayavua makaratasi kwa nyuma huku picha imegeukia ukuta na wapambaji wananihimiza nitoke njiani, nikaitupia kanga juu yake. Kwa hiyo mimi mwenyewe nlikuwa sijaiona, na najiona mtaalamu.

Ukumbi ulijaa, asumini na udi vinagombana, Nasra amekalishwa kwenye kiti chake juu ya jukwaa, kimya, macho chini kama inavyotakiwa, hakuna kucheka wala kusema. Bi Asya yuko safu ya mbele amevaa dera la zambarau. Nikamwendea kumwamkia.

"Shikamoo, Bi Asya."

"Marahaba, mwanangu. Watu wote hawa wananiuliza hina niliyochora ikoje, huko walikokaa hawaioni. Nimewaambia wasubiri picha ya Salha."

Hapo ningenyamaza tu, aibu yangu ingekuwa nusu. Lakini Bi Rahma alinipa kipaza sauti niseme mawili matatu, na mimi nikipewa kipaza sauti akili hunitoka. Nikasema, tena kwa kutabasamu, "Mama zangu, leo mtaiona hina ya Bi Asya kuliko ambavyo macho yangeweza kuiona!" Nikaivuta kanga.

Shingo zote zikanyooka.

Kwanza nilidhani wamepigwa na uzuri. Nikawatazama, nikaona hawanitazami mimi wala uso wa bi harusi, wanatazama chini, kwenye mikono. Nikageuka. Chapuchapu ilikuwa imeyaona maua yote ya Bi Asya kuwa ni madoa. Imeyasafisha moja moja, vidole, viganja, miguu, yote, ikaacha kivuli cha kijivujivu kama cha mtu aliyeosha sufuria la masizi akakosa sabuni.

Bibi mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ee, huyu bi harusi au kaitwa kusaidia jikoni?"

"Labda hina wataipaka mwakani," akajibu mwenzake, na ukumbi ukapasuka.

Bi Rahma akanyanyuka. "We mtoto! Hina iko wapi? Mtu kachorwa tokea alfajiri, wewe umeipeleka wapi?"

Nikajaribu kueleza, na kipaza sauti bado nimekishika (sijui kwa nini sikukiweka chini), ukumbi mzima ukanisikia nikisema, "Ni programu, Bi Rahma, ilidhani ni uchafu." Nlipolisikia neno uchafu linatoka kwenye maspika nikataka kulirudisha kwa mkono. Nikamtazama Bi Asya. Alikuwa amelishika dera lake magotini, na uso wake si wa hasira, ni wa mtu aliyewaambia watu wasubiri. Huo ndio ulionimaliza. Machozi yakanitoka pale pale jukwaani, nikasema ntaichapa upya kesho, ile picha ya asili ninayo.

Ndipo nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Kicheko cha pumzi kwanza, kisha cha tumbo. Nikageuka, ni bi harusi mwenyewe. Nasra, aliyetakiwa asinyanyue hata kope, kajishika mbavu, mashada ya asumini yanamtikisika kichwani.

"Nasra! Tulia kitini!" Bi Rahma akamwambia.

"Shangazi, siwezi," akasema, anafuta macho asiharibu wanja. "Mtazameni, kaninyoosha mpaka magaga ya visigino!" Ukumbi ukacheka tena, lakini sasa tulikuwa tunacheka naye. Kisha akaivuta mikono ya gauni lake mpaka viwikoni, akaja akasimama pembeni ya picha yake, akainyoosha mikono mbele. "Bi Asya, kesho ya nini? Maua haya hapa, nakili. Mama yangu ulimchora mara moja tu, mimi nichore mara mbili."

Bi Asya alimtazama. Akanitazama na mimi, nlivyokuwa nimelowa pua mpaka kidevu. Akainama kwenye mkoba wake, akatoa kibakuli cha piko na kijiti chake (hatembei bila ya vitu hivi, hata akienda msibani), akapanda jukwaani taratibu, akakigusa kile kitambaa cha picha kwa kidole, akasema, "Kumbe kinapokea." Akaanza.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Bi harusi kasimama, mikono mbele, Bi Asya anatazama mkono, anachora kwenye picha, wanawake wameacha viti vyao wamezunguka jukwaa, ngoma imeanza yenyewe huko nyuma, mmoja anapiga vigelegele kila ua likitimia. Mimi nimepewa kazi ya kushika kibakuli. Na hapo katikati Bi Asya bila ya kunitazama akaniambia kwa sauti ya chini, "Futa pua, mwanangu. Watu walioshindwa kuiona hina yangu kwa mbali, sasa wanaiona kwa karibu. Piga picha, kazi yako hiyo, mimi nitashika kibakuli mwenyewe."

Nikapiga. Na Bi Rahma, yule yule wa sauti ya meli, alikuja akanifunika mabega kwa ile kanga niliyoifunikia picha, akasema, "Haya basi, kilio kimetosha, hii ni harusi."

Kesho yake nlikwenda kwa Nasra na picha mpya, nimeitengeneza kwa Bi Taratibu, hina yote ipo. Akaishukuru, akaiweka pembeni. Ile iliyochorwa ndiyo iliyotundikwa chumbani kwake, na mpaka leo ipo, hina ya mikononi mwake ilishafifia zamani, ya ukutani nyeusi vile vile. Ukiisogelea utaona jani moja kwenye mguu wa kushoto limepinda, hapo ndipo Bi Asya naye alipozidiwa na kicheko. Na msiniulize ilikuwaje, tangu siku ile mabi harusi wawili wameniomba niwapige picha, niwasafishe mikono, kisha Bi Asya awachore juu yake ukumbini mbele za watu. Studio bado sina, lakini kitambaa cha pazia la kijani nshanunua.

Chapuchapu niliiondoa siku ile ile, na sitairudisha hata wakinilipa wao. Na siku hizi kabla sijaigusa picha ya mtu namuuliza kwanza, nini hataki nimuondolee. Wiki iliyopita nlimpiga Bi Asya mwenyewe, zawadi yangu kwake, nikamuuliza hivyo hivyo. Akafikiri, akasema, "Makunyanzi yangu yaache yote, na vidole hivi vilivyokolea hina viache. Lakini hiki kichunusi cha puani kiondoe, kimekuja jana, hata hakikualikwa."

Nikafungua Bi Taratibu, nikachukua brashi ndogo kuliko zote, nikakiondoa. Hicho kimoja tu. Kisha nikashuka chini ya kidevu, nikatazama mikono, kona kwa kona.