Nani Atamshika Mbwa wa Mzee

Baba alipokuwa hai, chanjo ya mbwa haikuwa kazi ya mtu mwingine nyumbani kwetu. Kila mwaka, daktari wa mifugo akishatangaza siku ya kuchanja pale kwenye josho la ng'ombe, nje kidogo ya Ikutha, mzee alimfunga mbwa wake kamba ya katani, akavaa kofia yake nzuri, wakaondoka wawili hao kama watu waendao kanisani. Mama aliwatazama kutoka jikoni na kusonya. Yeye na huyo mbwa hawakuwa na urafiki. Kumpikia alimpikia, lakini kumgusa, wapi! Mbwa ni wa nje, alisema, na mikono yake ni ya unga.

Isitoshe, hakuona kwa nini mbwa achanjwe kila mwaka. Sisi watoto wake tulipelekwa kliniki, kadi zikajaa, mambo yakaisha. Huyu mbwa ni nani hata asimalize? Mzee alimjibu kwa ule upole wake wa kuudhi. Kinga ya kichaa huchakaa mwilini mwa mbwa kama paa la nyasi, alisema, na hakuna mtu anayeezeka mara moja akasahau. Anaanza akiwa na miezi mitatu, halafu anarudiwa kila mwaka mpaka uzeeni. Mama akasema haya, wewe na mbwa wako.

Kisha mzee akafa. Mwaka huo wa msiba siku ya chanjo ilipita na hakuna aliyemkumbuka mbwa.

Mwaka uliofuata, mbwa mwenye kichaa alipita kijijini akauma mbuzi wa jirani, wakafa wakitokwa na povu. Naibu wa chifu akaita baraza. Chanjo ingetolewa Jumamosi, na mbwa yeyote atakayebaki bila kuchanjwa angeuawa. Mimi nilikuwa Kambu, ninakowauzia madereva wa malori chai na chapati. Mama akanipigia simu, na hata salamu hakunipa.

"Watamuua mbwa wa baba yako," akasema.

Nilifunga kibanda nikaenda.

Jumamosi asubuhi mbwa alinifuata vizuri tu mpaka tulipofika kwenye josho. Sheria ya pale ni kwamba kila mtu hushika mbwa wake mwenyewe, daktari anadunga tu. Basi nikainama nimshike. Akanionyesha meno yote. Mimi, niliyezaliwa katika boma lile kabla babu yake hajazaliwa! Nilimtukana, nikambembeleza, nikamtukana tena. Alichomoa shingo kwenye kamba akatimua mbio kurudi nyumbani, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, haki ya Mungu wakacheka. Daktari hakucheka. Alisema sindano haiwezi kumfukuza mbwa, nimtafute mtu aliyemzoea, tena haraka, kwa sababu saa sita wanafunga. Nikamwambia mtu huyo tulimzika. Akasema pole, akainamia kisanduku chake cha barafu.

Nilimkuta mbwa amelala kwenye lango, uso barabarani, mahali alipolala kila siku tangu mazishi. Nikakaa kwenye jiwe nikamwambia mama imeshindikana. Machozi yalinitoka, na nilijidanganya kuwa ni ya hasira. Mama alikuwa akipeta ndengu. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye leso, akaenda langoni, akaokota kamba niliyokuwa nimeitupa na kumvisha. Mbwa akainuka akamfuata. Mimi nikawa nyuma yao.

Kwenye josho mama aliketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha kama wanawake wanavyoketi matangani, akavuta kichwa cha mbwa mapajani mwake. Mbwa alikuwa akitetemeka mwili mzima. Mama akamwinamia, akaongea naye Kikamba polepole, na kila mtu kwenye foleni alisikia.

"Harudi," alimwambia. "Hata mimi nilikuwa namngoja. Harudi. Tulia."

Sindano ikaingia. Mbwa hakujitikisa. Mama ndiye aliyekuwa akitetemeka sasa, analia kwa sauti, yeye ambaye mazishini hakudondosha chozi mpaka wenye midomo wakasema mengi. Hakuna aliyetuharakisha.

Daktari alipomaliza kuandika kadi alituambia tumrudishe mwaka ujao. Mama akajifuta uso akauliza, ni kila mwaka kweli? Hata akishazeeka? Kila mwaka, mama, akajibiwa. Sasa hakubishana. Alimtazama yule mbwa, ambaye bado ni kijana, akayatazama magoti yake mwenyewe, ambayo siku hizi hayainuki bila kushikwa mkono. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka shingoni mwa mbwa, na wake juu yake.

"Acha akujue," akasema. "Mimi sitakuwepo miaka yake yote."

Nikasema, mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwetu, na nilitaka kumkataza asiongee mambo ya mikosi. Mbwa alinguruma kidogo chini ya kiganja changu, halafu akaacha. Sikuuondoa mkono.