Traka Chini ya Kiti cha Binti

Karakana nzima ilimwita Mama Waya. Alikuwa fundi umeme wa magari, mjane aliyewalea mabinti wawili kwa koleo na bisibisi, na miaka ya karibuni alishughulika zaidi na kufunga traka, kile kidude kinachoonyesha kwenye simu gari lilipo, kwenye malori. Kazi hiyo aliipenda. Lori likiibwa linafuatiliwa, linarudi, na dereva anakuja kushukuru hadi machozi yanamtoka.

Basi siku moja akaja mkwewe, mume wa binti mdogo, akiendesha gari la mkewe.

"Shikamoo mama. Wezi wamezidi mtaani kwetu. Nifungie traka, ila uifiche vizuri."

"Marahaba baba. Mwenye gari anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Akaifunga chini ya kiti, kazi safi, tena bure.

Mwezi haujaisha, binti akaingia karakana macho yamevimba. "Mama, kila ninaposimama mume wangu anajua! Jana nimetoka kwako, ananiuliza tulikuwa tunamsengenya nini. Sijui nani anampelekea habari."

Mama Waya akahisi mate ya kichefuchefu yakimjaa mdomoni, kama aliyekunywa chai akakuta nzi. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Akatazama vidole vyake mwenyewe, vikamtia kinyaa. Akainua kiti, akaing'oa traka, akamweleza binti yote.

Mkwe akafika mbio jioni ileile, maana simu yake haikuonyesha tena gari lilipo. Haya hakuwa nayo hata chembe.

"Mama, kufuatilia si ndiyo kujali? Daktari anamfuatilia mgonjwa. Wewe ulimfuatilia binti yako shuleni. Neno ni lilelile."

"Mgonjwa anamjua daktari wake," alijibu. "Na fisi naye anafuatilia mbuzi. Toka humu kabla sijakutapikia."

Akaitupa traka kwenye oili chafu. Mkwe akainama, akaiokota, akaipangusa taratibu kwa leso, akaitia mfukoni huku anatabasamu.

Binti alihamia kwa dada yake. Yule bwana bado hupita karakana, hupunguza mwendo, humwamkia mama mkwe kwa sauti tamu. Haitikiwi.

Siku hizi Mama Waya hafungi traka kwenye gari dogo mpaka anayeliendesha kila siku aje mwenyewe akubali. Wanaume wanaoleta magari ya wake zao huitikia, "Sawa, nitamleta kesho," wakaondoka. Wengi wao hawarudi, na kila asiyerudi humchefua upya.