Chai Mbali na Skrini

Fundi wa Ubongo, ndivyo wenzake wa maabara wanavyomwita, huunda seli za ubongo ndani ya kompyuta apate kujua kifafa huanzia wapi. Kwenye skrini seli hizo ni vitaa tu, naye huvisemesha kama watoto watukutu: "Jamani, kwa zamu! Kwani hapa sokoni?" Hupunguza hapa, huongeza pale, huku akipiga mluzi. Ila vikiwaka vyote kwa mpigo mmoja, ndicho kifafa chenyewe, kufumba na kufumbua mkono wake umeshasogeza kikombe cha chai ya moto mbali na skrini. Leo jirani yake wa meza kashindwa kuvumilia.

"Dada, kompyuta haiwezi kuanguka ikaungua."

"Najua," akajibu, macho kwenye vitaa. "Mkono ndio haujui. Umekulia nyumba moja na mdogo wangu."

Jirani akakohoa, akasogeza na kikombe chake.