Nta ya Kibuyu kwenye Waya

Nyinyi vijana mnaopanda bodaboda kwenda Kapkatet huku mnachekea simu, ketini chini msome hii. Mimi sikusoma sana, lakini jambo hili nalijua.

Babu yenu alikuwa fundi katika kiwanda cha majani chai, miaka ya kwanza ya uhuru. Mzungu mmoja alipohama alimwachia pikipiki mbovu, naye akaiunga na vipande vya nyingine mbili: tangi ya hii, magurudumu ya ile. Ilitembea. Taabu ilikuwa waya. Zilikuwa nyingi kama matumbo ya mbuzi, na mvua yetu ya kila alasiri ikiziingia, honi inalia yenyewe. Jumapili moja ililia nje ya kanisa katikati ya maombi. Jirani akamwambia, "Bwana, hiyo pikipiki iingie kwaya, wewe ubaki nje."

Alikasirika. Kesho yake akazing'oa zote, za taa, za honi, mpaka betri yenyewe. Akabakisha waya mbili tu, maana injini ile ilijitengenezea umeme wake ikizunguka. Moja ya kupeleka moto kwa plagi, nyingine ya kuzima. Hiyo ya kuzima ikigusa chuma, injini inakufa hapo hapo.

"Mama watoto," akasema, "sasa hata wewe unaweza kuitengeneza."

Ile ya kuzima ilikuwa fupi, akaiongezea kipande kando ya injini. Utepe wa kufungia ulikuwa umeisha. Ni mimi niliyemwambia atumie nta. Kwetu kibuyu cha maziwa kikipasuka tunakiziba na nta ya nyuki, na hakivuji hata tone. Niliipasha mwenyewe, nikaipaka kwenye kiungo kwa vidole hivi. Akaimwagia pikipiki ndoo nzima ya maji, akapiga teke, ikanguruma. Tulifurahi. Wiki nzima akaenda nayo kiwandani. Ni karibu, na njia ni tambarare.

Kisha msichana wetu wa tatu, wa miaka minne, akashikwa na kifua. Kulipopambazuka alikuwa anavuta pumzi kwa mbavu. Nikamfunga mgongoni, nikapanda nyuma ya babu yenu, tukashika njia ya hospitali, Kaplong.

Ule mlima mnaujua. Tulikuwa watatu juu ya pikipiki, injini ikawa moto mpaka naisikia kwenye mguu. Katikati ya mashamba ya chai ikazima. Akatoa plagi, akaisugua. Akafungua kabureta, akapuliza. Akapiga teke mpaka jasho likamwingia machoni.

"Tutembee," nikasema.

"Ngoja, mama watoto. Ni kitu kidogo."

Nikangoja. Hapo ndipo sijajisamehe. Nilingoja mpaka ile pumzi ya kukwaruza ikanyamaza mgongoni.

"Afadhali amelala," nikasema.

Babu yenu akazunguka nyuma yangu kumwangalia. Akaweka spana chini.

Lori la majani chai ndilo lililotukuta. Dereva aliinama, akaona nta imeyeyuka yote, imeteremka kwenye injini kama mafuta ya kondoo, na waya iko uchi imelalia chuma. Akaisogeza kwa kidole kimoja. Teke moja, ikanguruma.

"Izime," babu yenu akamwambia.

Maji tulikuwa tumeyafikiria. Moto hakuna aliyeufikiria, na mimi ndiye mwenye jiko.

Baada ya kuzika alitaka kuitupa mtoni. Nikakataa. Watoto wengine walikuwepo, na Kaplong haikuwa imesogea karibu. Akatafuta utepe wa kweli, akafunga kile kiungo upya mbali na injini. Alipomaliza nikawaita wote uani, yeye pia, nikasimama mbele ya pikipiki.

"Kitu chochote kikitengenezwa katika boma hili," nikawaambia, "kitapanda ule mlima kwanza na magunia mawili ya mahindi. Mtu asipakiwe kabla ya mahindi."