Mahindi ya Siku Tisini

Kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa tamaa ya utamu. Mama yangu alikuja kwangu Hurlingham kutoka Machakos kutibiwa goti. Goti lilipopona, akaanza kuuliza magari ya kwenda nyumbani huondoka saa ngapi. Wanangu wote walikuwa wamekwenda chuo, na nyumba ilikuwa imenyamaza hadi nikawa nasikia friji ikinguruma. Nilitaka akae. Lakini mama yangu humwambii akae tu. Atakuuliza akae akifanya nini. Basi nikamwonyesha kile kipande cha ardhi kilicho kati ya gari na kamba ya nguo, nikasema ni aibu kilale bure na mvua inanyesha.

Akakitazama kama anavyotazama sufuria niliyodai nimeiosha.

"Haya," akasema. "Nitalima hapa. Nikivuna, naenda."

Nilifurahi sana. Mahindi ya kawaida, kwa baridi ya Nairobi, hayana haraka, nami nilikuwa nimeshapiga hesabu ya miezi mitano hivi ya kula chakula cha mama. Jioni moja nikitoka kazini mjini nikapitia duka la mbegu karibu na Kenyatta Market. Muuzaji akanionyesha pakiti yenye picha ya mahindi ya manjano yanayong'aa. "Hii ni sweet corn, madam. Ukionja hii, ile ingine utawachia ng'ombe." Nikanunua bila kusoma. Tulipanda Jumamosi, mama akichimba mashimo kwa jembe la mpini mfupi, mimi nikitia mbegu mbili mbili na kufukia kwa mguu. Usiku wake ndipo nikaigeuza pakiti upande wa nyuma. Tayari kwa siku tisini.

Nilikuwa nimemkatia mama yangu tiketi kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaificha pakiti, pamoja na mbegu zilizobaki, kwenye droo ya vitambaa vya meza. Wiki nzima nilijikasirikia, na mimi nikikasirika sufuria zote za nyumba hii zinajua.

Ila siwezi kudanganya, siku zile zilikuwa nzuri. Nilikuwa nikifika kutoka kazini, navua viatu, naye ananitembeza bustani nzima, ambayo ni hatua sita kwenda na sita kurudi, akiniripotia bua moja baada ya jingine. Viwavi walipoingia, alitia jivu katika moyo wa kila mche kwa vidole vitatu, taratibu, kama anayetia chumvi kwenye mboga ya mgonjwa. Mchana, nikiwa kazini, alikuwa akienda kunywa chai kwa jirani yetu wa nyuma ya ukuta, mama wa Kihindi wa rika lake, mzaliwa wa hapa hapa Nairobi. Urafiki wao ulianzia kwenye magoti, maana la jirani nalo lilikuwa likimuuma.

Mahindi yakatoa mbelewele yakiwa bado mafupi. Mama akacheka. "Haya yana haraka ya kwenda wapi?" Mimi nilijua, nikacheka naye.

Ndevu zilipokauka, nilianza kulala vibaya. Kwetu mahindi ya kuchoma hupimwa kwa ukucha: unafunua ncha ya gunzi, unaminya punje, na ikiruka maziwa unaliacha kwanza ligande. Haya ya manjano ni kinyume. Huliwa wakati huo huo wa maziwa, na ukichelewa siku chache sukari inageuka wanga. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye simu. Kila jioni mama aliminya punje, maziwa yakamrukia kidoleni.

"Mwaitu, tayari?" nikauliza. Ndivyo tunavyowaita mama zetu Ukambani.

"Bado," akajibu.

Nami nikaitikia, bado. Nilimwacha mama yangu mzazi apotee njia mbele ya macho yangu, mkulima aliyetulea kwa shamba, kwa sababu tu sikutaka aondoke. Niliona aibu, lakini haikutosha kunifungua mdomo.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumesimama pale pale, tumeinamia gunzi moja, jirani alipochungulia juu ya ukuta.

"Nyinyi wawili mnangoja nini?" akasema. "Hii ni ya leo. Jumatano itakuwa unga tupu. Mama, si nilikuambia? Hata zetu za huku, zile za kwanza, mwezi ujao tu tunakata."

"Zenu zipi?" nikauliza.

Mama akashikwa ghafla na kazi ya kung'oa magugu ambayo hayakuwapo. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake, nikatazama upande wa pili. Pale palipokuwa na maua ya jirani palikuwa na mistari mitatu ya mahindi: mmoja ungenifika kiunoni, mmoja gotini, na mmoja ulikuwa ndio kwanza umeota, majani mawili mawili. Jivu lilikuwa limetiwa kwa vidole vitatu.

"Mbegu mlitoa wapi?"

"Kwenye droo ya vitambaa," mama akasema nyuma yangu. "Unaficha kitu kwenye vitambaa, na vitambaa nafua mimi."

"Kwa hiyo ulijua ni ya siku tisini."

"Nilisomewa hapo kwa jirani. Nikangoja uniambie."

"Na ile bado, bado, ya kila jioni?"

"Na wewe si ulikuwa unaitikia?"

Nikauliza ule mstari wa mwisho utakuwa tayari lini.

"Sijui," akasema. "Lakini Jumamosi ijayo napanda mwingine."

Nilibaki juu ya ndoo nimeelekea kwa jirani, ili mama asinione nikilia. Jirani aliniona. Akanyoosha mkono juu ya ukuta, akanipa ndimu mbili za kupaka mahindi, akaniambia nikaweke maji motoni kwanza, kisha ndio tuyakate, yasipoteze sukari njiani.