Sinia Lililotugomea

Mdogo wangu wa mwisho alipoondoka kwenda kusoma Ulaya, kwenye mji wa baridi ambao mama mpaka leo anakataa kuutaja kwa jina, aliniachia godoro lake na seva yake. Godoro nililielewa mara moja. Seva ilikuwa kompyuta kuukuu iliyokaa chumba cha nyuma cha duka letu la vipuri, mtaa wa Asiatique, katikati ya mikanda ya feni na makopo ya grisi, na ndani yake mlikuwa na dunia nzima ya mchezo. Binamu zetu wa mitaa ya Ngagara na Kamenge waliingia humo kila mmoja kwa mashine yake, wakakata miti, wakafuga mbuzi, wakakimbizwa na fisi. Kazi kubwa ilikuwa kutokufa njaa. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwenye wateja na heshima zangu. Haukupita muda nikawa naota fisi.

Kilichoniteka hasa ni modi. Modi ni nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji wengine huko duniani: unaipakua, unaipachika kwenye mchezo, na ghafla mchezo una farasi, au mvua ya mawe, au kuku. Sharti ni kwamba kila mchezaji awe nayo ileile, ya toleo lilelile, la sivyo seva inamtupa nje bila hata pole. Tena zina mpangilio. Hii itangulie, ile ifuate, zile mbili zisikaribiane kabisa. Nilizipanga kama mtu anavyopanga mashemeji kwenye harusi, na nilikuwa hodari. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Ramadhani ikaingia. Mdogo wangu alikuwa ameacha kuja mchezoni tangu baridi ilipoanza kule, masomo, alisema. Tukimpigia simu kuuliza kafuturu na nani, alijibu "na watu", na sauti yake ilituambia hakuna watu. Nilijua anakula akitazama ukuta, na sikutaka mwezi ule umpitie hivyo. Mama naye hakutaka. Jioni moja akaja chumba cha nyuma, akasimama kati ya makopo ya grisi, akaitazama skrini kwa muda.

"Hiyo dunia yenu," akasema, "mutu anaweza kula mule?"

"Anaweza, mama."

"Basi mumualike mutoto wangu. Lakini mukule sinia moja. Kila mutu na sahani yake, hiyo ni resto, si nyumbani."

Mchezo wetu haukujua sinia. Kila mtu alitafuna nyama yake peke yake porini kama mwizi. Nikatafuta, nikapata modi ya sinia. Modi ya sinia ikadai kwanza modi ya vyombo. Modi ya vyombo ikadai modi ya udongo. Modi ya udongo ikaja na mito, na mito, bila kubisha hodi, ikaja na mafuriko. Nilipowasha seva upya, nyumba ya binamu wa Kamenge ilikuwa imesombwa pamoja na zizi lote, naye akanipigia simu kunifokea utafikiri mto Rusizi nimeumwaga mimi. Nikachomoa, nikapachika, nikazima, nikawasha. Mbuzi wakawa wanaelea angani. Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Huko mbele mteja aliuliza kelele ile ni ya nini, nikamsikia baba akimjibu kwa upole kwamba binti yake yuko kwenye mafuriko.

Mwishowe likatokea: sinia pana, linafuka moshi, wali katikati, samaki wadogo wa ndagala pembeni, tende zimelizunguka. Nilimwandikia mdogo wangu, nikamtumia modi zote. Akajibu kwamba atakuja siku moja tu, na mtu asimsumbue.

Akaja. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani wiki ile, kwa hiyo kila binamu alibaki kwao na vipokea sauti masikioni. Dukani tulikuwa mimi na mama, sauti zao zikitoka kwenye spika, zetu zikiingia kwenye maikrofoni. Mchezoni tulikaa duara sote, watu wetu wadogo wamekunja miguu. Adhana ya magharibi ikasikika mtaani. Nikatupia sambusa mdomoni, nikabonyeza ili mtu wangu anyooshe mkono.

Sinia likagoma. Binamu wote wakabonyeza, sinia likagoma. Nikaenda kusoma maelezo ya modi, kitu ambacho mtu mwenye akili hukifanya mapema, nikakuta kwamba sinia halifunguki mpaka wote waliokaa wamenyoosha mkono. Aliyeitengeneza, popote alipo, alilelewa vizuri. Mkono uliokosekana ulikuwa wa mdogo wangu.

"We, nyoosha mukono," binamu wa Kamenge akamwambia. "Njaa inatuua huku."

"Apana," akasema. "Huku jua bado liko. Mi nafunga."

Nilikuwa nimelinganisha matoleo ya modi zote na kusahau jua. Kwake lilikuwa linazama saa nzima na zaidi baada ya letu.

"Ni kubonyeza tu," binamu akambembeleza. "Si mudomo."

"Yule pale ni mi," akasema. "Kama mi nafunga, na yeye anafunga."

Mimi ndiye msimamizi wa seva. Kuondoa lile sharti ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nikapeleka mkono. Mama akaushika.

"Acha," akasema. "Mwenzenu hajakula, nyinyi munakula namna gani? Mumungoje."

Basi tukangoja, na kungoja kule sijawahi kukuona kwingine. Fisi walinusa wali. Watu wetu walikuwa wamelegea kwa njaa, hawawezi hata kukimbia, wakalizunguka sinia wakiyumba na kupigana na fisi kwa miiko, maana modi ya vyombo ilikuwa imemeza mikuki yote. Binamu wa Ngagara alianguka akazimia juu ya tende. Na mdogo wangu, aliyekuja siku moja tu, alianza kutuamuru: we kushoto, dada nyuma, fisi yule, yule. Kisha akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu uwanja wa ndege, na nilifurahi mpaka mbavu zikaniuma.

Jua lake likazama. Akasema bismillahi polepole, akanyoosha mkono, na sinia likafunguka. Binamu wakapiga kelele kwenye spika. Nyuma yangu nikasikia kijiko kikigonga sahani. Nikageuka. Mama alikuwa anafunua futari yake, imepoa yote. Tangu adhana alikuwa ameonja tende na maji tu.

Mdogo wangu naye alikisikia kile kijiko.

"Mama," akasema, "we hujakula bado? Kwenu ni saa ngapi?"

"Ni saa ya kula," mama akajibu, mdomo umejaa. "Kula."

Tulimsikia akivuta kamasi, halafu tukamsikia anakula.